Unga Ndani ya Rejeta

Jumanne, 20 Julai 1976

Kitabu hiki ni shajara ya mwaka 1974. Nilipewa na karani mmoja wa tumbaku aliyekuwa nazo tatu na hakuandika hata moja. Chenyewe kinasema leo ni Jumamosi. Mimi nasema ni Jumanne, na kati yetu mimi ndiye niliye hai. Nimefuta, nimeandika juu yake.

Shule niliacha darasa la nne, lakini nimeendesha gari Kampala, Jinja, Nairobi mpaka Mombasa, na hakuna mlima kati ya hapa na bahari usioijua honi yangu. Sasa niko nyumbani Arua na vani yangu mwenyewe, Arua kwenda Koboko, mara tatu kwa wiki, watu na mizigo. Ilizaliwa 1958. Injini yake iko ndani, chini ya boksi la bati, katikati ya kiti changu na kiti cha abiria wa heshima. Asubuhi ya baridi abiria huyo anaota moto bure.

Sababu ya kuanza kuandika ni hii: leo wazee wametoka Koboko kumwomba dada yangu Hawah. Anayemtaka ni Tahiru, fundi wa rejeta pale sokoni Koboko. Baba yetu amekufa, kwa hiyo neno ni langu mimi kaka mkubwa, na Baba Nasur, mdogo wake marehemu, anakaa pembeni kunisaidia kukunja uso. Nilikaa kama jaji. Nikakohoa mara mbili. Nikasema ndiyo. Ndoa ni baada ya Idi. Nyanya yetu, Hababa Kaltumu, alipiga vigelegele akiwa ameketi maana magoti yamegoma. Hawah alikuwa jikoni anapika kisira, mikate yetu myembamba, akajifanya hasikii chochote, akaunguza miwili.

25 Julai

Tone chini ya gari. Labda mvua.

Jumatano, 28 Julai

Si mvua. Rejeta inavuja. Jana nilijaza maji Manibe, nikajaza tena Maracha, na Koboko niliingia natoa mvuke kama sufuria ya harusi. Geji ya joto ilikufa zamani. Mimi natumia pua.

Dereva mwingine angelia. Mimi nilikumbuka dawa niliyojifunza kwa madereva wa malori njia ya Mombasa. Leo alfajiri nilichota vikombe viwili vya unga wa muhogo katika chungu cha Hawah, nikakoroga na maji, nikamimina ndani ya rejeta hakuna mtu anaona. Unga unakwenda na maji mpaka kwenye tundu, unaiva kwa joto, unaziba. Abiria walipopanda niliwaambia nimeitengeneza kwa vidole viwili na mate kidogo, na siri ya mkono wangu siuzi. Siyo kila mtu anahitaji kujua.

Jioni Hawah aliuliza unga umekwenda wapi. Nikasema nimempa mzee mmoja maskini njiani. Akaniombea dua.

29 Julai

Hakuna hata tone. Sulemani, wewe ni mtu hatari.

3 Agosti

Hakuna tone. Koboko nilimwambia mwenye duka la chumvi kwamba nikitaka naweza kufungua karakana, lakini nawaonea huruma mafundi wana watoto.

Jumatatu, 9 Agosti

Inavuja tena, na mbaya zaidi. Nilifika Koboko injini inanuka kama chungu kilichosahauliwa. Nikaenda kwa Tahiru, abiria wangu wote nyuma yangu, maana wanapenda kusikia nitasema nini.

Huyu kijana lazima nimsifu. Alijifunza kwa Mhindi mmoja aliyeondoka mwaka wa sabini na mbili na kumwachia pasi ya kulehemu na pipa. Rejeta anaizamisha katika pipa la maji, anaziba midomo yote kwa vipande vya mgomba, anatia upepo kwa pampu ya baiskeli, halafu anakaa kimya kutazama mapovu yanatokea wapi. Haongei. Mimi naongea. Tunakamilishana.

Ukutani ana ubao, na juu ya ubao amepanga vitu alivyotoa ndani ya rejeta za watu: sabuni, tumbaku iliyotafunwa, maganda ya mayai. Abiria walikuwa wanaonyeshana na kucheka wenye gari wale wajinga.

Akaniuliza kwa adabu, kama anavyouliza kila mtu, "Shemeji, umetia nini ndani?"

Pale palikuwa na watu kumi na mmoja ambao nimewaambia habari ya vidole viwili na mate. Na huyu aliyeuliza ndiye atakayepiga magoti mbele yangu kumchukua dada yangu. Mimi nisimame hapo niseme nimepika muhogo?

"Maji," nikasema. "Mtu anatia nini kingine?"

Akasema kama iko kitu kingine si vibaya, atafungua tangi la juu na kupitisha waya katika kila mrija, lakini itachukua siku mbili. Nikasema sina siku mbili, nina magunia ya watu, na maji ni maji. Akaniamini. Alilehemu pale mapovu yalipotokea, akapuliza tena, hakuna povu. Hakutaka malipo kwa kaka wa Hawah. Nikampiga bega. Nikawaambia watu, mnamwona huyu, huyu ni mkono wa pili West Nile. Wakauliza wa kwanza ni nani. Nikaangalia juu.

12 Agosti

Mvua kubwa. Barabara imekuwa uji. Rejeta kavu.

Jumanne, 17 Agosti

Leo nitaandika hata kama sitaki.

Hababa Kaltumu alikuwa Koboko wiki nzima kwa watu wa Tahiru, kuzungumza mambo ya harusi. Leo nilimrudisha. Nilimweka kiti cha heshima, na tabaga yake, ule mfuniko wa kusuka wa sinia, mapajani. Alifurahi. Aliniambia nyumba ya Tahiru ni safi, na mama yake hapigi kelele.

Baada ya Maracha pua yangu ilisikia joto. Nikasema nitafika mlimani kwanza. Nilifika katikati ya mlima. Kulikuwa na mlio kama gunia linapasuka, halafu maji ya moto yakatoka chini ya boksi la bati, yote upande wake. Mguu wa kushoto, kutoka kifundo mpaka karibu na goti. Hababa hakupiga kelele. Alisema "Sule," mara moja, kama mtu anayeita mtoto kutoka nje.

Tulimshusha, tukamwagia maji ya mtungi wa mama mmoja wa jirani. Nikasimamisha pikapu ya serikali, wakamchukua mpaka hospitali Arua pamoja na Hawah, aliyekuja nami kumchukua Hababa na alikuwa amekaa nyuma. Mimi nilibaki na gari na abiria katika mvua.

Wakaniuliza imekuwaje.

Ningesema sijui. Lakini nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu mdomo unatangulia. Nikasema, "Mnauliza mimi? Ulizeni Tahiru. Amelehemu kwa uji wa mgonjwa." Wakacheka. Walikuwa wamelowa, wamekwama, wametoka kumwona mzee akiungua, walihitaji kucheka. Nikaongeza: pasi yake ya moto anaazima kwa fundi cherehani. Nikaongeza: akikulehemu jino, usinywe supu. Walicheka sana. Nilikuwa mzuri leo. Mungu anisamehe, sijawahi kuwa mzuri hivyo.

19 Agosti

Hababa amerudi nyumbani, mguu umefungwa. Daktari anasema atatembea, polepole. Gari ilivutwa kwa trekta mpaka hapa. Nimetoa rejeta, nimeiweka nyuma ya nyumba, nimeigeuza uso ukutani.

Leo sokoni Arua mtu ambaye simjui kabisa amenisimulia kuhusu fundi wa Koboko anayelehemu kwa uji wa mgonjwa. Aliniambia kama habari mpya. Nikacheka naye.

Jumapili, 22 Agosti

Tahiru amekuja kwa baiskeli. Koboko mpaka hapa kwa baiskeli, katika matope. Alifika amejaa udongo mpaka kwenye nyusi.

Kwanza alimwamkia Hababa, akakaa chini karibu na mguu wake. Halafu akaomba kuona rejeta. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, na Baba Nasur akafuata, na wazee wengine wawili. Tahiru akainama, akaigeuza, akaingiza kidole katika mdomo wa tangi la juu. Alikaa na kidole ndani kwa muda. Alipokitoa kilikuwa na kitu cheupe kwenye kucha. Nilikiona. Alifunga mkono.

Tukarudi barazani. Baba Nasur alikuwa askari zamani na bado anauliza kiaskari.

"Tahiru, mama yetu ameungua. Gari ilitoka katika mkono yako. Iko neno?"

Lazima nieleze hapa, kama siku moja kitabu hiki kitasomwa na mtu wa mbali. Kwetu, mwanamume anayeomba binti habishani na kaka wa binti mbele ya wazee. Akimwita mwongo, hata ikiwa kweli, ndoa imekufa pale pale, maana atawezaje kula katika nyumba ambayo ameivua nguo? Tahiru alijua hivyo. Baba Nasur alijua. Mimi nilijua kuliko wote. Hakuna aliyeweza kulifungua fundo lile isipokuwa mimi.

Tahiru akasema, "Gari iko ya shemeji Sulemani. Yeye anaijua kuliko mimi. Atakachosema, mimi nakubali."

Wote wakanigeukia. Hawah alikuwa nyuma ya pazia la mlango, niliona vidole vya miguu yake.

Nimewachekesha maofisa wa jeshi kule Nanyuki, Kenya. Nimejitoa katika vizuizi vya barabarani kwa mdomo mtupu, bunduki imeelekezwa kwangu. Leo mdomo ule ule ulitakiwa kusema maneno matatu tu, nilitia unga mimi.

Nikasema, "Maji. Nilitia maji tu."

Tahiru aliangalia chini. Akafuta kidole kwenye suruali, taratibu, kama mtu anayemaliza kazi. Hababa akasema mwacheni kijana anywe chai, lakini Tahiru alikuwa tayari amesimama. Aliondoka katika mvua bila kunywa.

24 Agosti

Mvua. Sikutoka.

27 Agosti

Ramadhani imeingia. Mimi nafunga vizuri sana, sijawahi kuacha hata siku moja. Tumbo langu ni jaminifu. Ni sehemu ya juu yake yenye matatizo.

Alhamisi, 2 Septemba

Baba Nasur amerudisha sanduku. Vitenge, manukato, viatu, vyote ambavyo Tahiru alimletea Hawah, vimekwenda Koboko juu ya lori. Baba Nasur alinipigia hesabu ya makosa ya Tahiru, nikaitikia kila moja, mmh, mmh, kama njiwa.

Usiku baada ya futari Hawah alikaa karibu nami anapepeta mchele. Hakulia. Ningependa angelia, hapo ningejua la kufanya, mimi najua kunyamazisha watu.

Akauliza, "Kaka, yule mzee uliyempa unga njiani, anaitwa nani?"

Nikasema sikumbuki.

"Anakaa wapi?"

Nikasema Pajulu. Akaendelea kupepeta. Baadaye nikakumbuka kwamba Pajulu haiko kwenye njia ya Koboko hata kidogo, na yeye anajua.

7 Septemba

Mvua. Watu wa Koboko wanasema Tahiru hana kazi sasa. Magari yanapita mlangoni pake yanapiga honi na kuomba uji.

Jumatatu, 13 Septemba

Gari haiwezi kulala milele. Nilibeba rejeta kwa bega mpaka kwa Lomoro, fundi Mkristo anayefanya kazi karakana ya misheni. Huyu hanijui, na hajui utani wowote. Anazungumza kidogo na anapiga chafya.

Akafungua tangi la juu kwa moto. Ndani kulikuwa na donge. Jeupe pembeni, kahawia katikati, gumu kama sabuni ya kufulia, limejaza midomo ya mirija yote isipokuwa minne. Lomoro akalitoa kwa bisibisi, akaliweka juu ya meza, akanusa.

"Hii rejeta ama jiko?"

Sikujibu. Ndiyo, mimi sikujibu.

Halafu akanionyesha kitu ambacho ningetaka asinionyeshe. Lehemu ya Tahiru ilikuwa nzima. Iling'aa. Palipopasuka ni kwenye mshono wa zamani, shibiri moja kutoka pale, kwa sababu maji ya moto hayakuwa na njia ya kupita. Lomoro alipitisha ukucha juu ya kazi ya Tahiru, kwenda na kurudi.

"Aliyefanya hapa iko na mkono mzuri," akasema. "Mimi siwezi hivi. Anakaa wapi? Nataka nijifunze."

Nilimwambia Koboko. Nikatoka nje nikasimama katika mvua bila sababu.

14 Septemba

Nitakwenda Koboko kesho.

16 Septemba

Mvua. Nitasema siku ya Idi, watu wote wakiwa pamoja, mara moja tu. Ni vizuri zaidi hivyo. Jambo la heshima linataka watu wengi.

19 Septemba

Gari inatembea. Leo nimepeleka watu Manibe na kurudi. Koboko sikufika.

Jumatano, 22 Septemba

Natale, dereva wa lori la Juba, amenikuta kwenye pampu ya petroli. Ameniambia jana alimpakia Tahiru, na pasi yake, na pipa lake, mpaka ng'ambo ya mpaka. Anakwenda Juba kutafuta kazi. Natale alimuuliza kwa nini asingoje hata kula Idi na mama yake. Akasema alikuwa anangoja mtu mmoja, na mtu hakuja.

Siku tatu kabla ya Idi.

Jumamosi, 25 Septemba

Idi. Tuliswali, tukala pilau kwa Baba Nasur, watu kama arobaini barazani. Hababa aliletwa kwenye kiti. Wakanitaka niseme kitu, maana kila Idi mimi ndiye nasema kitu.

Nikasimama. Nikasema Tahiru hana kosa. Nikasema mimi, Sulemani, nilipika muhogo ndani ya rejeta, nikamdanganya Tahiru kwamba ni maji, na nyanya yangu akaungua kwa ajili ya muhogo ule.

Halafu baraza zima likapasuka. Walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, na chumvi uliweka?

Na mimi, siwezi kueleza hili hata kwa karatasi, mimi nikajibu, "Chumvi imepanda bei." Ilitoka yenyewe. Miaka yote hii nimeufundisha mdomo huu kazi moja tu.

Walicheka zaidi. Baba Nasur alikuwa anafuta machozi. Nikageuka nikamwona Hawah mlangoni, sinia mkononi. Hakucheka. Nilimfuata jikoni.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Nilichotia, nilijua tangu siku ya kwanza. Lehemu yake kwamba ni nzima, nimeiona kwa macho tarehe kumi na tatu."

"Na yeye ameondoka lini?"

"Ishirini na moja."

Akahesabu kwa vidole, kidole kimoja kimoja, mbele ya macho yangu, kama ninavyowahesabia abiria.

"Siku nane," akasema. "Koboko ni saa mbili, kaka."

Akachukua sinia, akarudi kwa wageni.

26 Septemba

Nimekwenda kwa Baba Nasur asubuhi, peke yangu. Nimemwambia tena. Akaanza kucheka. Nikamwambia mara ya pili, akasema Sule, jana ilitosha. Mara ya tatu nilimpa donge. Nilikuwa nimelihifadhi katika bati la majani ya chai. Akaligeuza mkononi, akalinusa, akaacha kucheka. Halafu akasema mimi nitoke, anataka kukaa mwenyewe.

Hababa nilimwambia nikiwa nimeshika mguu wake. Alisema alijua siku ile barazani, kwa sababu nilijibu kwa kifupi, na mimi sijajibu kifupi tangu nizaliwe. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananipa nafasi.

29 Septemba

Koboko. Nimemwona mama yake Tahiru, nimeyasema yote, nimepiga magoti. Alisikiliza, akanishukuru kwa kufika, akafunga mlango bila kelele. Kweli, hapigi kelele. Halafu nikapita sokoni, duka kwa duka. Utani wangu ulifika hapa kwa siku moja. Ukweli inabidi niubebe mwenyewe, na kila duka wanacheka kwanza.

4 Oktoba

Barua kwa Tahiru nimeandika mara tano. Ya tano haina mzaha hata mmoja, kwa hiyo ni fupi. Natale ameichukua. Baba Nasur ameweka alama ya kidole chini, kwamba nyumba inamwomba radhi na mlango uko wazi.

11 Oktoba

Mvua. Natale hajarudi.

Alhamisi, 21 Oktoba

Natale amerudi. Tulikaa juu ya tairi la akiba la lori lake, nikamwambia aseme yote, asinipunguzie.

Alimkuta Tahiru Juba, karibu na soko, chini ya bati jipya. Ana kazi nyingi, magari kule yanakufa kwa joto. Alisoma barua akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akauliza mguu wa Hababa unaendeleaje. Natale alisema anatembea na fimbo. Akasema Mungu ashukuriwe. Akatuma salamu kwa wote wa nyumba, akasema hana kinyongo na mimi. Halafu akarudi kwenye pipa lake, kulikuwa na mtu anangoja.

Nikauliza, basi? Natale akasema, basi.

Nilitembea nyumbani kwa miguu ili nichelewe. Hawah alikuwa uani. Alijua lori limeingia, mji wote unajua lori la Natale likiingia. Nilimpa habari ya bati jipya, ya kazi nyingi, ya mguu, ya salamu. Alisikiliza huku anakunja nguo zilizokauka, zile chache zilizopona mvua.

Akauliza, "Jina langu alilitaja?"

Nilikuwa nalo jibu tayari ulimini. Lilikuwa zuri. Kwamba alilitaja, tena mara mbili, tena sauti ilikatika. Angelala usingizi leo, na mimi pia. Natale hasemi ovyo, hakuna ambaye angejua.

Nikasema, "Hapana, dada. Hakulitaja."

Aliinua kichwa akanitazama muda, kama mtu anayepima kitambaa. Halafu akanipa upande mmoja wa shuka, yeye akashika mwingine, tukalikunja.